Matapishi Nyuma ya Hema la Tatu

Marwa alianguka akiwa na ubavu wa mbuzi mkononi. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, kwenye kambi ya mahema ya kifahari nje kidogo ya Robanda, na mwanzoni rafiki zake walidhani anawachezea sinema, maana Marwa alikuwa mtu wa utani mpaka misibani. Nelson alimgusa na ncha ya kiatu. "Mura, amka, huo mchezo umeshachuja." Halafu povu likamtoka Marwa puani, suruali ikalowa, na Generoza akatapika palepale kwenye zulia.

Koplo Rahabu alifika saa kumi kasoro, gari la kambi likiwa limeshamkimbiza Marwa hospitali, Mugumu. Alishuka kwenye gari la kituo, akavuta pumzi moja, akaziba pua.

Kwa Rahabu maiti haikuwa tatizo. Alishaokota mtu aliyekanyagwa na tembo, kipande hapa kipande pale, kisha akaenda kula wali. Ila matapishi yalimshinda. Akiyaona tu, koo linafunga, tumbo linapanda, machozi yanatoka. Mzee Jackson, dereva wa kituo, alijua habari hiyo na alikuwa akiifurahia miaka yote.

"Leo umepatikana, binti," alisema. "Nasikia humu wametapika kama wanashindana."

"Mzee, nyamaza."

Kambi yenyewe ilikuwa ya watu wanaotaka kulala porini bila pori kuwagusa. Turubai nene, vitanda vya mbao vyenye shuka nyeupe, maji ya moto, choo cha kukalia, kioo kirefu cha kujipigia picha. Marafiki wanne walikuwa wamekodi mahema manne yaliyopangwa mstari mmoja. Marwa, mwenyeji wao kutoka Tarime, hema la kwanza. Nelson, Mjaluo mwenye ng'ombe zake Kisaka, la pili. Sadock, Mpare wa Same, fundi mitambo aliyefuata dhahabu huku na akabaki, la tatu. Generoza, Mhaya, la nne. Walijuana tangu chuo, na kila mwaka walikuwa na wikiendi yao.

Meneja wa kambi, mama mmoja aitwaye Verdiana, alimpokea Rahabu kwa tabasamu la wageni, kisha akakumbuka na kulifuta.

"Mhalifu tumeshamkamata, afande. Mpishi."

Mpishi, Mboje, alikuwa amefungwa kamba ya manila kwenye nguzo ya banda la jenereta. Jicho moja lilikuwa limevimba mpaka limefumba.

"Nani kampiga?" Rahabu aliuliza.

Verdiana alitazama viatu vyake. "Walinzi walikuwa na hasira."

"Hasira ya nini? Wao ndio waliolishwa?"

"Huyu ametoka machimboni, afande. Tumempekua, tumekuta kichupa cha zebaki kwenye begi lake."

"Zebaki ni yangu," Mboje alisema, sauti imekwaruza. "Nilibaki nayo nilipoacha kuosha dhahabu. Sasa ningemtilia mtu, kichupa ningekitunza cha kazi gani?"

Rahabu alichuchumaa mbele yake. "Ulipika nini?"

"Mbuzi wa kuchoma, ugali wa mtama, na kichuri."

"Kichuri cha nani?"

"Cha Marwa. Alinisimamia mwenyewe kama mkwe. Nikakamua ule uji wa majani kwenye utumbo mwembamba wa mbuzi, nikachuja, nikachemsha, nikamwagia nyongo yote. Alitaka kiwe kichungu mpaka masikio yasimame. Yule Nelson ana vidonda vya tumbo, amekatazwa. Yule dada akikiona anageuka. Na Sadock anakiita matapishi tangu jana. Leo ndiyo nasikia naye alichovya."

"Bakuli liko wapi?"

"Lipo jikoni," Verdiana alidakia. "Kwenye beseni la vyombo. Limeshaoshwa, safi kabisa. Huoni? Ameficha ushahidi."

"Ameliosha saa ngapi?" Rahabu aliuliza.

Verdiana aliwageukia walinzi.

"Mlimfunga lini?"

"Mara tu mgeni alipoanguka."

"Na bakuli lilikuwa mezani bado?"

Verdiana alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba hakupenda alikofika. "Lilikuwa mezani."

"Basi aliosha kwa miguu? Mfungueni."

Simu iliita. Alikuwa Daktari Ndalahwa, wodini Mugumu, na hakusalimia.

"Zebaki nimeambiwa, nikasema hapana. Zebaki haimlazi mtu mzima chini saa hiyohiyo. Na ingekuwa sianidi ya machimbo, sasa hivi tungekuwa tunaongelea jeneza. Huyu anasinzia, mapigo ya moyo yanazidi kushuka. Nina njia mbili za kumtibu, koplo, na ile ya kosa itammaliza. Niambie amekunywa nini. Nani kamnywesha, hilo baki nalo wewe."

"Nina muda gani?"

"Kabla jua halijazama, kama Mungu anatupenda."

Rahabu alirudisha simu mfukoni. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili.

Alianza na Nelson, aliyekuwa amekaa kwenye hema la chakula mbele ya nyama iliyopoa. Mafuta yalikuwa yameganda meupe kwenye sinia, na nzi walikuwa wakitembea juu yake kama wanakagua shamba.

"Mlikula pamoja?"

"Sinia moja. Mimi nyama, yeye nyama. Kichuri pekee ndicho sikukigusa."

"Nani aliachwa peke yake na hilo bakuli?"

"Wote na hakuna. Bakuli liliwekwa hapa, halafu wakapita tembo upande wa mashamba ya watu wa Robanda. Marwa akakimbia kuchukua picha. Mimi nilikuwa nyuma ya gari naongea na simu. Generoza anaogopa tembo, alijifungia hemani kwake. Sadock sikumwona, nadhani alikuwa anaangalia tembo pia."

"Mna ugomvi wowote?"

Nelson alicheka kidogo, kisha akaona aibu. "Sisi? Afande, sisi ni utani tu. Marwa alimfungia Generoza mjusi kwenye mkoba akienda kwenye usaili. Mimi alinitangazia msiba, watu wakaja kwangu wanalia, mama yangu yuko jikoni anamenya ndizi. Marwa huyohuyo akamlisha Sadock kitimoto. Mimi nami nilishamtia upupu kitandani. Hayo ni ya kuuana?"

"Mlicheka?"

"Tulicheka sana."

Generoza alikuwa amekaa mwisho wa zulia, mbali na alichokitapika. Hakuna aliyekuwa amekifagia. Rahabu alijitahidi kutazama uso wa dada yule tu, lakini jicho likateleza: nyuzi za nyama, punje za ugali, kipande cha nyanya kizima. Harufu ya uchachu ikampanda. Alitoka mbio, akashika kamba ya hema, akakohoa mpaka machozi. Mzee Jackson, kwenye gari, alijifanya anasafisha kioo.

Generoza alimfuata, wakahojiana hapo nje.

"Sadock alichovya kweli?" Rahabu aliuliza.

"Mara moja. Tulimpigia makofi. Alisema leo nataka tumalize yote, Marwa, nionjeshe hicho chako. Marwa alimkumbatia mpaka tukalengwa na machozi."

"Alionekana anaumwa wakati huo?"

"Hapana. Alimaliza paja zima na ugali. Ni baadaye, wakati tunambeba Marwa kwenda kwenye gari, ndipo akalia tumbo. Akakimbia nyuma ya hema lake, tukamsikia anatapika. Maskini, peke yake. Hakuna aliyekwenda kumshika kichwa."

"Kwa nini?"

Generoza alimtazama kama ameulizwa swali la mtoto. "Matapishi, afande. Nani anakwenda kuangalia matapishi?"

Sadock alikuwa amelala kwenye hema la tatu, shuka mpaka kidevuni. Alikuwa mwembamba, mpole, na alimwamkia Rahabu shikamoo ingawa walilingana umri.

"Marahaba. Pole. Unaendeleaje?"

"Nashukuru Mungu nilichovya kidogo."

"Kilikuwaje mdomoni?"

"Kibaya."

"Kibaya vipi? Nahitaji ladha. Daktari anaulizia."

Sadock alifumba macho kama anayekumbuka. "Kama maziwa yaliyochacha. Na chumvi, chumvi nyingi. Kama mchuzi wa dagaa uliolala."

Rahabu aliitikia kwa kichwa. Aliulizia tembo, akajibiwa kwamba walikuwa wengi na wazuri. Aliulizia kanisa, kwa sababu Wapare wengi aliowajua walikuwa Wasabato na leo ilikuwa Jumamosi.

"Nilikuwa kiongozi wa kwaya," Sadock alisema. "Siku hizi siendi."

"Na matapishi yako?"

"Huko nyuma. Samahani, sikuweza kuzoa."

Sasa ikabidi. Rahabu alifunga kitambaa puani, akazunguka hema. Majani yalikuwa yamelala, na katikati yake kulikuwa na dimbwi la kijani iliyoiva kuelekea kahawia, zito, linang'aa juani. Tumbo lake lilijikunja likisubiri. Alisogea hatua moja, akasubiri tena. Halikupanda.

Alishangaa. Alishusha kitambaa kidogo.

Mate yakamjaa mdomoni.

Rahabu alisimama pale akiwa haamini mwili wake. Tangu asubuhi hakuwa amekula, na sasa tumbo lilinguruma, tena kwa sauti, mbele ya kitu ambacho kila mtu kambini alikiita matapishi. Akainama. Harufu ikamjia ya uani kwao Kenyamonta, siku za mbuzi, baba anapuliza moto, wajomba wamekaa na vipande vya nyama mkononi wakimngoja mama alete bakuli. Majani, moshi, nyongo. Hakuna tumbo la mtu lililowahi kukaa na kitu hiki. Kilikuwa kichuri kitupu, bakuli zima, kimemwagwa.

Halafu, chini ya ile harufu tamu, ikaja nyingine. Kali, ya mafuta na dawa, ya kwenye josho la ng'ombe. Na pembeni ya dimbwi aliona nzi. Kwenye zulia la Generoza nzi walikuwa wakisherehekea. Hapa walikuwa wamelala chali.

Njaa ikageuka. Safari hii alitapika kweli, pembeni, juu ya viatu vyake vya kazi, na akilini alikuwa anajiambia tu kwamba angekula, angewekewa bakuli kama hilo angekula, na angemshukuru aliyempa.

Alijifuta, akapiga simu. "Daktari, ni dawa ya kuogeshea ng'ombe."

"Zipo aina mbili tatu, na zinaua kwa njia tofauti. Ipi?"

"Sijui bado."

"Jua, koplo."

Mtu mmoja kambini alikuwa na ng'ombe. Rahabu alimfungulisha Nelson buti ya gari. Kulikuwa na bomba la kupulizia, kamba, gunia la chumvi ya mifugo, na chupa moja ya dawa, haijafunguliwa. Nelson alitazama ndani, akapekua chini ya gunia.

"Zilikuwa mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Sijui. Afande, sijui. Hii ni ile ya siku zote. Ya pili ilikuwa aina mpya, nilipewa dukani Mugumu jana, nikaambiwa kupe wa kwetu wamezoea hii ya zamani. Jina lake hata sikulisoma." Alikaa chini kwenye vumbi, jitu zima. "Nimekwisha. Buti haifungi, komeo limekufa, wote wanajua. Lakini nani ataniamini?"

Mzee Jackson alishatoa pingu. Rahabu alimwekea mkono.

"Ngoja, mzee. Huyu angetaka kuua kwa kichuri angejua kwamba kichuri hakifanani na matapishi. Amekila tangu anaota meno. Waite wote hema la chakula. Na yule mgonjwa aje na shuka lake."

Walikaa kuzunguka sinia lililolala. Mboje alisimama mlangoni na jicho lake. Rahabu aliweka simu mezani, sauti kubwa, Daktari Ndalahwa akiwa upande wa pili, na nyuma yake mashine ilikuwa ikilia taratibu.

"Daktari yupo hapa, anasikia," alisema. "Sadock, tuanze na wewe. Leo ulikula nini?"

"Nyama. Ugali. Na kale kaonjo."

"Paja zima, nimeambiwa. Halafu ukatapika."

"Ndiyo."

"Mimi nimetoka kuyaangalia matapishi yako. Sijaona uzi wa nyama. Sijaona punje ya mtama. Nimeona kichuri, kingi cha kujaza bakuli, kimetulia kama kilivyotoka jikoni. Wewe ulichovya kipande kimoja. Umetapikaje bakuli zima la kitu ulichoonja, na ukabaki na paja tumboni?"

Sadock alikaza shuka. "Mimi si daktari."

"Ulisema ladha yake ni chumvi na uchachu."

Nelson aliinua kichwa. "Chumvi?"

"Mboje, ulitia nini?"

"Nyongo," Mboje alisema. "Yote. Ukikilamba, siku nzima unasikia uchungu."

"Hukuonja," Rahabu alimwambia Sadock. "Ulipeleka nyama mdomoni, sosi ikabaki kwenye vidole. Walipokwenda kuangalia tembo ndipo ulipotia dawa. Alipoanguka, wote wakambeba, wewe ukabeba bakuli. Ukalimwaga nyuma ya hema lako, ukalia kama mtu anayetapika, kisha ukaliosha na maji yako ya moto na kulitupia kwenye beseni. Ukajua hakuna atakayesogea. Maana kwako wewe kichuri ni matapishi, umesema hivyo tangu jana. Ukafikiri na sisi tunaona hivyo. Kaka, mimi ni Mngoreme. Nimesimama pale nikapata njaa."

Mashine ya upande wa pili ililia, ikachelewa, ikalia.

"Koplo," Daktari alisema, "huyu anakwenda."

"Chupa iko wapi, Sadock?"

Sadock alitazama sinia. Uso wake haukuwa na chuki hata kidogo, na hilo ndilo lililomkera Rahabu zaidi. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri basi.

"Muulize Nelson akuonyeshe video," alisema.

"Video gani?"

"Anayo. Wote wanayo."

Nelson alitoa simu polepole. Rahabu aliichukua. Ilikuwa ya mwaka jana, nyumbani kwa mtu, sahani zimejaa. Sadock anakula, anasifia, analamba vidole. Sauti ya Marwa nyuma ya kamera inamuuliza kama mbuzi amekolea. Amekolea, Sadock anasema, Mungu awabariki. Ongeza basi. Anaongeza. Kisha Marwa analeta kichwa cha nguruwe kwenye sinia, amekivalisha miwani ya Sadock. Sadock anakitazama muda mrefu kuliko kawaida. Halafu anatapika kwenye mapaja yake, anatapika tena, anajaribu kuinuka anateleza humohumo, na watu wanacheka. Generoza anacheka akishika mbavu. Nelson ndiye anayesema, rekodi vizuri, rekodi usoni.

"Marwa aliituma kwenye kundi la kwaya," Sadock alisema. "Ya kwaya yangu. Judith, mchumba wangu, alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Alinirudishia pete kwa bodaboda. Sikumlaumu. Ungemtazama mtu hivyo, halafu uolewe naye? Nikampigia Marwa, akasema Sadock bwana, huna utani."

Rahabu aliitazama mpaka mwisho. Sadock alikuwa anamwangalia yeye, siyo simu. Alikuwa akimwangalia midomo. Generoza alikuwa ameinamisha kichwa. Nelson alikuwa anajikuna mkono ambao haukuwa unawasha. Hata Mzee Jackson, ambaye hucheka mtu akijikwaa, alikuwa ametazama nje.

Video ikaisha. Hakuna aliyecheka.

"Huyu mpishi alifungwa nguzoni kwa ajili yako," Rahabu alisema. "Amevunjwa uso. Na ulikuwa umelala hapo unasikia."

Kwa mara ya kwanza Sadock aligeuka kumtazama Mboje. Alilitazama lile jicho. Shuka likamponyoka.

"Iko kwenye tangi la choo," alisema. "Choo changu. Nimeizamisha."

Mzee Jackson alikimbia kuliko umri wake. Alirudi na chupa inachuruzika, Rahabu akaifuta kwa kitambaa cha mezani, akasoma jina herufi kwa herufi. Upande wa pili Daktari alishaanza kupiga kelele kwa manesi, na simu ikakatika.

Walimpeleka Sadock Mugumu jua likiwa jekundu.

Asubuhi ya Jumapili Rahabu aliingia wodini kuchukua maelezo. Marwa alikuwa hai. Alikuwa wa kijivu, mipira puani, shuka la hospitali limemlowa jasho, na ananuka kila kitu kilichomtoka usiku. Nelson na Generoza walikuwa wamekaa upande huu na upande huu wa kitanda na maua ya plastiki.

"Ni nani?" Marwa aliuliza. Sauti ilikuwa kama mlango mbovu.

"Sadock."

Marwa alifikiri. Kisha kona ya mdomo ikapanda, taratibu, kwa shida, mpaka ikawa tabasamu kamili.

"Ameniweza," alisema. "Mwambie sasa ni zamu yangu."

Nelson alijizuia, akashindwa. Generoza akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika.

Rahabu alitoka bila kuaga. Kwenye benchi la nje alikaa Mboje, jicho limefungwa bandeji, amevaa shati safi kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Amepona, afande?"

"Amepona."

"Namshukuru Mungu. Amesema chochote?"

Rahabu alikaa kando yake. Kutoka dirishani vilisikika vicheko vya watu watatu, kimoja kikikohoa.

"Hapana," alisema. "Twende nikakuandikishe kesi ya wale waliokupiga."